Waziri Aliyekula Sadaka ya Hatibu

Ilikuwako, na nasikia ingaliko, nchi moja ambayo jina lake silitaji. Si kwamba naogopa. Ni kwamba huko kulitaja jina la nchi kuna tozo, na mie ni mtu wa kubana matumizi. Mwenye kuijua ataijua. Asiyeijua Mungu amwache hivyo hivyo, maana kutoijua nako kuna raha yake.

Watu wa nchi hiyo walikuwa wakinunua na kuuza kwa noti na sarafu kama walimwengu wengine. Siku moja serikali ikawatangazia kwamba noti ni chafu. Daktari Mkuu akaonekana kwenye televisheni ameishika noti kwa koleo la mkaa. Akaitazama, akaisogeza puani, akatapika. Kulikuwa ni kutapika kwa kitaalamu, mbele ya bendera. Kesho yake noti zikapigwa marufuku, kila raia akapewa kadi, na kila mwenye biashara akapewa mashine ya kupokelea kadi. Watu wakashukuru. Walikuwa watu wa kushukuru sana wale. Mtu akipigwa teke hushukuru kwamba kiatu kilikuwa kisafi.

Haukupita muda wenye maduka wakaanza kunung'unika. Mashine hii, walisema, inakula umeme, inakula karatasi, na jioni inachoka. Kwa hiyo mteja atakayelipa kwa kadi aongeze kidogo juu ya bei. Hicho kidogo wakakiita tozo ya kadi.

Wananchi wakaenda uwanjani kumuuliza Mheshimiwa Fulgensi Mapande, Waziri wa Kadi na Ustawi wa Mashine. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na masikio madogo.

"Mheshimiwa," mtu mmoja akauliza, "na asiyetaka kulipa kwa kadi?"

"Huyo atakwenda jela."

"Sasa hiyo tozo anatozwa nani?"

"Wale waliochagua kadi kwa hiari yao."

"Walichagua kadi wakaacha nini?"

"Wakaacha jela," akasema Waziri, na uwanja mzima ukapiga makofi, maana mapolisi walikuwa wamesimama kuangalia nani hapigi.

Waziri akafurahi, akaendelea. "Ndugu wananchi! Wapo wapotoshaji wanaosema tozo ni makato. Si kweli! Makato huondoa. Tozo huongeza! Nani kati yenu amewahi kulia kwa kuongezewa? Nchi jirani wanatuonea wivu. Wao wakinunua sukari wanarudi na sukari tu. Ninyi mkinunua sukari mnarudi na sukari na maendeleo!"

Basi maendeleo yakaja kwa kasi. Kwa kinyozi kukawa na tozo ya kuchomeka kadi na tozo ya kuichomoa, na mtandao ukikatika kinyozi anaweka chini wembe. Ndiyo maana huko ukikutana na mtu ana nywele upande mmoja humcheki. Unampa pole na kumuuliza mtandao ulikatika saa ngapi. Vyoo vya stendi vikafungiwa mashine mlangoni, na nje watu wakawa wanarukaruka huku mashine ikiwaambia kwa sauti ya kike, taratibu, "Ombi lako linashughulikiwa, mteja mpendwa." Kwenye bucha wakabandika tangazo: MTEJA NI MFALME, NA MFALME HAOMBI KUPUNGUZIWA. Kisha wataalamu wakagundua kwamba ile tozo nayo inalipwa kwa kadi, kwa hiyo inastahili tozo yake. Fundi mmoja alikwenda kununua misumari asubuhi. Mashine ikaanza kutoza tozo ya tozo ya tozo, na alipotoka dukani ndevu zilikuwa zimemwota na hiyo nyumba aliyotaka kuipigilia ilikuwa imekwisha anguka.

Watu wakasema tutafanyaje. Wakazoea.

Isipokuwa Bi Mwanamkasi.

Bi Mwanamkasi alikuwa mjane wa makamo, muuza vitumbua. Kibanda chake kilikuwa mlangoni mwa soko, cha mbao za mninga, na mbao hizo alizipiga randa marehemu mumewe, Hatibu, kwa mikono yake, mwaka ule alioanza kuumwa kifua. "Nikiondoka," alimwambia, "usije ukaenda kumpigia mtu magoti. Kaa hapa, kaanga, ule." Akaondoka kweli. Bi Mwanamkasi akakaa eda, akaimaliza, akarudi kibandani akakaanga, akala. Hakuwa na shamba, hakuwa na mtoto wa kumtegemea. Kibanda ndicho kilichokuwa mume, ndugu na akiba.

Mashine ya serikali aliipokea, maana sheria ni sheria. Akaipangusa unga, akaiweka kando ya sufuria. Ila kila mteja alipolipa, mashine ikiuliza, "Je, nimwongezee tozo?" yeye alibonyeza HAPANA. Mashine ikiuliza, "Una uhakika?" alibonyeza NDIYO. Mashine ikiuliza, "Hebu fikiri tena, kwa ajili ya taifa," aliifunika uso kwa pindo la khanga, akamwambia mteja, "Nenda zako baba, kimekwisha."

Habari zikamfikia Bwana Lukiza, Afisa Tozo wa Kata, mwenye tai fupi iliyoishia juu ya kitovu. Akaja.

"Shikamoo Bi Mwanamkasi."

"Marahaba. Unakula vingapi?"

"Sikuja kula mama, nimekuja kikazi. Wenzako soko zima wanatoza. Kwa nini wewe hutozi?"

"Mteja kaniomba kitumbua, nimempa kitumbua. Kanilipa bei yake. Hiyo nyingine nimtoze ya nini?"

"Mashine inachoka, mama."

Bi Mwanamkasi akageuza vitumbua, kimoja kimoja, kwa kijiti chake. "Mie naamka kabla ya adhana ya alfajiri. Nakuna nazi, nasaga mchele, moshi unaniingia macho haya. Ushasikia namtoza mtu macho yangu? Leo niitozee kisanduku kilichokaa kitako kutwa?"

Pembeni yake alikaa Bi Asumini, muuza mbaazi za nazi, mwenye mwili na maneno. "Mwache Bwana Lukiza," akasema. "Huenda mashine ina mimba. Ndiyo maana inachoka na inapenda kula."

Watu wakaangua kicheko. Lukiza akaivuta tai yake iteremke, ikakataa.

"Cheka tu, Bi Asumini. Lakini wewe Bi Mwanamkasi nakuambia kwa heshima, kama mama yangu: usipotoza, leseni inafutwa na kibanda kinang'olewa."

Hapo kicheko kikaisha. Bi Mwanamkasi alitazama ile nguzo ya mbele, ile yenye alama ya mkono wa Hatibu alipoishika rangi ikiwa mbichi. Aliongeza mkaa.

Wiki ile ile Wizara ikatangaza Juma la Hiari ya Lazima, la kuwahimiza wananchi wapende tozo. Waziri Mapande mwenyewe angekuja kuzindua, na wakuu wakaamua azindulie pale pale pa mkaidi. Atakula kitumbua cha Bi Mwanamkasi mbele ya televisheni, atalipa kwa kadi, atatozwa, atatabasamu. Mama akimtoza Waziri, basi kesho ataogopa kumtoza nani?

Lukiza akaja kumpa habari, safari hii anacheka mpaka magego. "Mungu kakufungulia mama! Ukimtoza Waziri siku hiyo tu, kesi yako imekwisha. Kibanda chako mpaka kiama."

"Siku gani hiyo?"

"Ijumaa asubuhi."

"Ijumaa chuma cha kwanza siuzi," akasema Bi Mwanamkasi.

Hapa ni lazima nieleze, maana wakubwa hawakuuliza. Kile chuma cha kukaangia chenye vishimo, wenyewe wanakiita chuma tu, na vile vitumbua vinavyotoka kwa mkupuo mmoja navyo wanaviita chuma. Kila Ijumaa, tangu atoke eda, chuma cha kwanza Bi Mwanamkasi alikitoa sadaka ya kumrehemu mumewe. Mpita njia wa kwanza, awe mchukuzi, awe kichaa, awe askari, alipewa bure, na malipo yake ni kusema, "Mungu amrehemu Hatibu." Basi. Chuma cha pili ndipo biashara huanza. Soko zima lilijua hivyo, hata paka.

"Mlete Waziri nikishatoa chuma cha kwanza," akamwambia Lukiza. "Aje kwenye cha pili, nitampokea vizuri tu."

Lukiza akashtuka kama aliyeguswa na waya. "Waziri ale cha pili? Mama, una akili? Itifaki inasema Waziri hutangulia! Hutangulia kuingia, hutangulia kukaa, hutangulia kula. Akila cha pili ni uhaini."

"Haya. Mie nimekwambia."

"Nimesikia," akasema Lukiza, naye tayari alikuwa akiongea kwenye simu.

Ijumaa ikafika. Soko likafagiliwa, mbwa wakafukuzwa, mashimo ya barabarani yakawekewa maua. Wataalamu wakaja na mashine mpya, kubwa kama kabati dogo, yenye jicho la kioo mbele. Mhandisi akaeleza mbele ya kamera kwamba jicho hilo linamtambua mtu anayetafuna. Ukitafuna bila kulipa, mashine inafunga kadi yako hapo hapo, nchi nzima, na haifunguki mpaka muuzaji abonyeze kitufe cha kijani kilichoandikwa NIMEUZA. Hata serikali yenyewe haiwezi kuifungua. "Mfumo huu hauna upendeleo," akasema mhandisi. "Ni wazo la Mheshimiwa mwenyewe." Mheshimiwa akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, akakiacha kimeinama mpaka wapiga picha wakamaliza.

Kisha akahutubia, na hotuba ikawa ndefu. Alikuwa hajanywa hata chai, maana itifaki ilimtaka aje na njaa ya kizalendo. Harufu ya iliki na nazi ikampanda puani. Katikati ya neno "maendeleo" akanyamaza, akasogea kibandani. Chuma cha kwanza kilikuwa ndiyo kinaepuliwa.

"Karibu baba," akasema Bi Mwanamkasi, akampa kwenye kisahani.

Waziri akala kimoja. Akafumba macho. Akala cha pili. Cha tatu akakila mafuta yanamchuruzika kwenye kidevu, na taifa zima likamwona. Kisha akapangusa vidole, akatoa kadi yake iliyonakshiwa dhahabu, akainyoosha juu ili kila mtu aione, akaipeleka kwenye mashine.

Bi Mwanamkasi akachukua kawa lake la ukindu, lile la kufunikia vitumbua, akalifunika kwenye tundu la kadi.

"Hivyo haviuzwi," akasema.

Wapiga picha wakasogea.

"Mama, natabasamu kwa sababu kuna kamera," akanong'ona Waziri. "Ondoa hicho kifuniko."

"Umekula cha marehemu. Hicho ni chuma cha kwanza, sadaka ya mume wangu. Afisa wako nilimwambia. Malipo yake ni kusema, Mungu amrehemu Hatibu."

"Hatibu ndiye nani? Ana cheo gani?"

"Alikuwa seremala."

"Amin!" akapaza sauti Bi Asumini, na soko zima likaitikia amin, ingawa Waziri hajasema neno.

Hapo mashine ikaamka. "Mteja mpendwa ametafuna bila kulipa," ikatangaza kwa sauti yake ya kike, taratibu. "Kadi yake imefungwa. Mteja mpendwa ametafuna bila kulipa." Ikawasha taa nyekundu, ikaanza kulia kama gari la wagonjwa.

Waziri akacheka cheko la kikubwa, akawaaga watu, akaenda kwenye gari lake. Mlango wa gari ulifunguliwa kwa kadi. Kadi imefungwa. Akamwita dereva, dereva akasema, "Mheshimiwa, gari ni la serikali, nikilivunja kioo kuna tozo." Akampigia simu Mkuu wa Serikali, simu ikamwambia aongeze salio kwa kadi. Akataka kwenda haja. Choo cha stendi kikamwambia ombi lake linashughulikiwa.

Akarudi kibandani anarukaruka. Akawafukuza wapiga picha, akakaa kwenye benchi la wateja, akaongea kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kumsikia nayo, ndogo.

"Mama yangu. Bonyeza hicho kitufe cha kijani. Sema umeuza. Mara moja tu."

"Sikuuza."

"Nitakupa kibanda cha matofali. Chenye vigae. Na feni. Leseni ya maisha."

Bi Asumini akamkonyeza mwenzake, kisha akaona uso wake, akaacha. Bi Mwanamkasi alikuwa akifikicha unga mikononi, anatazama ile nguzo. Asidhani mtu kwamba hakutamani. Alitamani. Masika yaliyopita paa lilivuja, akakaanga kichwani ana mfuko wa nailoni. Na kitufe ndicho kile, mbele yake, kijani kama jani la mgomba. Hata nguvu hakitaki.

"Nikibonyeza nimeuza," akasema pole pole. "Nikiuza, Ijumaa hii nimempa nini Hatibu?"

"Marehemu hatajua, mama."

"Wewe umejuaje?"

Waziri akakaza miguu, maana haja ilikuwa bado imembana.

"Yaani nimwombe Mungu anipe riziki," akasema Bi Mwanamkasi, "kisha kile nilichompa Yeye kwa ajili ya mume wangu nikigeuze bei? Tena nikiongezee tozo? Hapana baba. Ungekula cha pili ningekuuzia, na tozo nisingekutoza vile vile. Sema Mungu amrehemu Hatibu, uondoke na heri."

"Siwezi kusema," akasema Waziri. "Nikisema nimekubali kwamba nilikula bure. Sheria yangu inasema anayekula bure ni mwizi."

"Basi tungoje," akasema Bi Mwanamkasi, akapaka mafuta chuma cha pili.

Lukiza hakuweza kungoja. Akaita wachukuzi, akaagiza kibanda king'olewe pale pale, mbele ya Waziri, angalau kazi ionekane. Wachukuzi wakamwambia malipo kwanza, kwa kadi, na tozo ya kila mbao. Akalipa kwa kadi yake mwenyewe. Mashine ikahesabu tozo ya tozo mpaka adhuhuri, na watu wakatoka msikitini wakakuta bado inahesabu, Lukiza jasho tele, tai imemganda kifuani. Ila ikamaliza. Mbao zikang'olewa moja moja. Ilipofika nguzo ya mbele Bi Mwanamkasi akanyanyuka, akaweka kiganja chake kwenye alama ya kiganja cha Hatibu, akakiacha hapo kidogo.

"Ichukueni," akasema. "Mbao ni mbao. Kazi aliyoifanya Hatibu kwa mikono yake mmeichukua. Hii sadaka yake hamna mkono wa kuifikia."

Akatia chuma chake kwenye kikapu, kijiti juu, kawa juu ya yote, akaenda nyumbani kwake. Hakulia njiani. Nyumbani sijui, mlango ulifungwa.

Kesho yake, Jumamosi, Bi Asumini alifunua sufuria la mbaazi akapiga kelele, "Upawa wa kwanza haulipwi! Namrehemu mama yangu Bi Mshangama!" Muuza samaki akasikia, akakumbuka naye alikuwa na baba. Muuza ndizi alikuwa na mapacha waliokufa wachanga, hakuwahi kumtajia mtu. Siku hiyo akawataja. Ilipofika Jumatatu soko zima lilikuwa likitoa cha kwanza sadaka, na kwa kuwa huko watu wamefiwa sana, cha kwanza kikawa kirefu mpaka jioni. Aliyekula bure kwa huyu alimpa bure yule. Hakuna aliyelipa, hakuna aliyetozwa, na hakuna aliyelala njaa. Mashine zikalia kwa njaa ya tozo mpaka betri zikaisha.

Serikali ikaunda Kamati ya Kuhakiki Marehemu. Ikatoa amri: kila anayetoa sadaka amfikishe marehemu wake ofisini, akiwa na kitambulisho na picha mbili za karibuni. Watu wakajibu kwamba marehemu wamepata taarifa, na wamesema waheshimiwa watangulie kwenda, kama itifaki inavyotaka.

Ijumaa ya pili Bi Mwanamkasi alikaa kizingitini kwake. Leseni hana, kibanda hana. Mkaa ulikuwa wa kuazima, nazi kaletewa na jirani. Ila msururu wa watu ulitoka mlangoni kwake ukapinda kona, na kila aliyefika alisema yake, akapokea, akapita.

Mmoja kati yao alikuwa na suti iliyokunjamana na ndevu za wiki nzima. Uwaziri alikwisha pewa mtu mwingine, maana mwizi hawezi kuwa waziri pale anapoonekana kwenye televisheni. Kadi yake ilikuwa bado imefungwa. Alikuja kwa miguu. Wa mbele yake walitaka kumpisha kwa mazoea; akatikisa kichwa, akangoja zamu.

Zamu ikafika. Akanyoosha mkono.

"Sema kwanza," akasema Bi Mwanamkasi.

Mapande akaangaza kulia, akaangaza kushoto, anatafuta.

"Unatafuta nini?"

"Mashine."

"Hapa hakuna mashine baba. Ni mdomo wako tu."

Akasimama. Watu wa nyuma wakaguna, Bi Asumini akasema, "Mtandao umekatika huyo," wakacheka. Halafu akasema, kwa ile sauti yake ndogo:

"Mungu amrehemu Hatibu."

"Amin," akasema Bi Mwanamkasi, akamwekea vitumbua vya moto kiganjani. "Kaa pale kivulini ule. Wenzio wanangoja."

Nami naondoka nikiwaacha wanakula. Jina la nchi sikulitaja, mmeona wenyewe. La Hatibu nimelitaja tangu mwanzo mpaka mwisho, na hakuna aliyenitoza.